Kidole Kimoja cha Mafuta

Ilirudi Jumanne juu ya mkokoteni,
imeviringwa shuka la hoteli.
Miezi minane Nyali, pembeni mwa kaunta,
wageni wakiiwekea mikoba,
kiyoyozi kikiipulizia usiku na mchana.
Mwenye mkokoteni alitaka mia mbili.
Nikampa mia na hamsini, na maji ya baridi.

Nilipofungua shuka, ngozi ilikuwa na magaga.
Magaga, kama kisigino changu cha kaskazi.
Nikaigonga kwa ukucha: kah.
Kikohozi cha mtu asiyetaka kuulizwa.

Munira, mwana wa dadangu, akaja mbio
na chupa nzima ya mafuta ya nazi.
"Tuinyweshe, halati."
Nikamshika mkono. Mwanangu, huyu si samaki.
Bi Mwanatumu, aliyeniachia ngoma hii
pamoja na deni la duka kule Kibokoni,
alimjua bwana mmoja wa Kisauni
aliyeupaka msondo wake samli, kwa mapenzi,
kwa mapenzi tu, asubuhi na jioni.
Siku ya harusi akaupiga, ukajibu kama godoro.
Bwana harusi akaingia ndani, watu hawana habari.

Kitambaa kwanza. Kiloweshe, kikamue
mpaka kisiwe na chozi.
Fuata mstari ule mweusi: ni mgongo wake.
Mbuzi wa Mariakani, na hapa, gusa,
mwiba ulimchoma angali mdogo;
kovu limekua pamoja naye,
limewambwa pamoja naye.

Sasa mafuta. Kifuniko cha chupa, basi.
Yapashe moto kiganjani. Kidole kimoja.
Anzia ukingoni, kwenye kamba:
mwamba ngoma huvutia kwake,
na palipovutwa sana ndipo pakavukapo.
Zunguka. Usirudi nyuma.
Ikikataa kunywa, usiilazimishe,
hata mgeni hashindiliwi chakula.

"Na katikati?"

Katikati usiguse.
Pale hupaka mpigaji.
Jasho lake, hina ambayo haijakauka,
halua aliyoila gizani akakosa pa kufutia.
Tazama weusi ule, mpana kama sahani ya kahawa.
Nusu ni ya Bi Mwanatumu.
Nusu ni yangu: Bondeni, Majengo, Makadara,
ua hadi ua, mpaka alfajiri,
harusi ngapi nimezipiga mimi,
na kiharusi kimoja kikanipiga.

Akanyamaza. Alikuwa hajaniuliza
kwa nini niliikodisha kwa watu wa Nyali,
nami nilikuwa nimejiandaa kusema ni kodi ya nyumba.

Kidole chake kilibaki na mafuta.
Hakukifuta kwenye leso.
Aliuchukua mkono wangu wa kulia, huu usiofumba,
akaanza ukingoni, kidole gumba,
akazunguka.
Nikatazama ukutani, pale rangi ilipobambuka.

Tuliilaza kivulini, mbali na jiko, mbali na jua,
siku ya kwanza, siku ya pili.
Siku ya pili Munira akainamia kuinusa
akasema yanuka kama nywele za bibi yake.
Sikumkatalia.

Leo, baada ya adhuhuri, nimeketi juu ya mbuzi,
nakuna nazi kwa mkono wa kushoto,
machicha nusu yaanguka nje ya sinia,
mara yule mbuzi mwingine akaita kutoka ukumbini.
Dum.
Kisha dum, imechelewa. Kisha mbili pamoja, zimegongana
kama watu wawili mlangoni.

Amekosea. Amekosea vibaya.
"Munira! Mkono ulegee! Unapiga ngoma au unapiga hodi?"
Na vidole vyangu vya kulia, juu ya goti,
viwili kati ya vitano,
vyamsahihisha.