Mti Tulioula

Mwaka huu nilisema la.
Nilisimama kwenye ua la saipresi
na panga la Ezina mkononi mwangu,
maana nilikuwa nimemnyang'anya,
nikamwambia: hesabu mapengo, mama, hesabu.
Hili ni la mwaka kanisa lilipopata mabati.
Hili la harusi ya Asava, nayo ilikuwa Aprili,
lakini mkono uliozoea haurudi mtupu.
Na hili kubwa, mbuzi anapita bila kuinama,
ni lako.
Ua alilopanda Sagala limekuwa kinywa cha mtoto wa darasa la pili:
linacheka, kutafuna haliwezi.

Ezina akasema, Krismasi bila mti ni chai ya rangi.
Nikamwambia, kunywa.

Tarehe ishirini na tatu wajukuu wakafika Mbale,
Kageha, Imbuga, na yule mdogo aliyepewa jina langu,
na boksi la taa, waya umejifunga kama matumbo ya kuku.
Nyanya, mti uko wapi?
Hata salamu hawajatoa.

Tulijaribu. Mtu asiseme hatukujaribu.
Mwavuli wa marehemu, uliobaki mbavu tupu,
tuliusimamisha kwenye debe la mchanga.
Ulipendeza, mpaka Imbuga akaugusa kitufe
ukamrukia kama kunguru.
Ngazi ya kupakia chokaa
ilionekana ngazi.
Kageha akachora mti ukutani kwa makaa,
mzuri, wenye ndege na viota,
nami nikakumbuka bei ya ndoo moja ya rangi.
Mgomba je? Mgomba wangu una mkungu.
Sikati kitu kinachonyonyesha.

Ni mdogo aliyeuona.
Alikuwa amekwenda nyuma ya jikoni kukojoa,
akarudi mbio, suruali magotini:
Uko! Uko kule, umesimama peke yake!

Sukuma wiki.
Ile ya pembeni, ya tangu mvua za mwaka juzi,
niliyokuwa nikiichuma chini, nayo ikikimbilia juu,
nikichuma, ikikimbia,
mpaka shina likawa bakora
lenye kovu la kila mlo tuliokula,
na kileleni shungi la kijani lililompita Kageha kimo,
limeinama kidogo upande wa Kisumu
kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Nilicheka hadi nikakaa chini.
Watoto hawakucheka.
Basi nami nikanyamaza, nikashika mwisho wa waya.

Tuliupitisha dirisha la jikoni.
Wakageuza pakiti za maziwa, upande wa fedha nje,
wakatoboa vifuniko vya soda,
wakachomoa pamba kwenye mto wangu, wakasema theluji.
Theluji gani, Maragoli? Nikawaacha.
Nyota ilikuwa ukoko wa ugali, Imbuga aliukata kwa wembe.

Usiku wa mkesha tulitoa viti nje.
Ezina akaja na kigoda chake, kuangalia tu,
tawi lake, alilokata sijui kwa nani,
lilikuwa limeshageuka kahawia sebuleni.
Saa tatu stima ikapotea, kijiji kizima.
Natamani kusema vimulimuli vilikuja.
Havikuja.
Tuliketi gizani tukinusa kabichi za jirani,
mtu akaanza kusimulia jinsi Sagala alivyoogopa bata,
na hatukuingia ndani mpaka umande ukatulowesha migongo.
Asubuhi jogoo aliila nyota.

Tarehe mbili Januari unga ulikuwepo, mboga hakuna,
na pesa zote zilikuwa zimekwisha kuitwa karo.
Nikachuma majani sita, kuanzia chini kama kawaida.
Moja lilikuwa na pamba bado.
Tuliyala na ugali, kimya,
kama watu wanaokula mgeni waliyemzoea.

Kisha Kageha, akilamba kidole:
Nyanya, mwaka ujao itakuwa imefika wapi?

Nikatazama dirishani. Shungi nilikuwa nimeliacha.
Nikamwambia, ile ngazi
msiiweke mbali.