Mkono wa Reli

Kwanza natoa kifuniko, napuliza.
Vumbi la Katuba ni jekundu, halina adabu,
linapenya hata kitambaa cha mama
kilichofunika mashine hii miaka yote.
Halafu skrubu nne. Naziweka kwenye bakuli la bukari
nisije nikazitafuta kwa magoti kama mwaka jana.

Mikono ya mashine nyingine inazunguka kama mlango
juu ya bawaba moja. Huu hauna bawaba.
Unatembea juu ya chuma chembamba
toka ukingoni mwa santuri hadi katikati,
polepole kuliko kivuli cha ukuta.

Grisi ya kiwandani imekuwa gundi.
Naikwangua kwa kijiti cha kiberiti,
napangusa reli kwa pamba na lutuku,
ile kali ya Mama Kabedi, ya matone ya kwanza.
Mke wangu ananusa mlangoni: “Nani anakunywa,
wewe ao mashine?”
Nasema: tunagawana.

Mkanda ulishayeyuka, mweusi kama lami kidoleni.
Dada yangu wa Sendwe ameniletea glovu;
nakata lile pindo la kifundo,
naivuta pete yake kwenye magurudumu mawili madogo.
Itadumu mpaka mvua ya kwanza. Yatosha.

Hii si mali yetu.
Mzee Tshiamala aliileta usiku, kwa mkokoteni,
mwaka ule majirani walipojifunza kuuliza
“Wewe ni wa wapi?”
Walilala stesheni majuma, na masufuria yao,
wakingoja treni ya Kasai.
Alimwambia baba: usiiache ikauke.
Hakusema nitarudi.
Baba alikuwa fundi wa njia ya treni;
kati ya yote yale alielewa jambo moja,
kutia mafuta.

Siku nyingi nilidhani mkono huu umezaliwa mnyofu.
Hapana. Nimefungua tumbo lake, nimeona:
kuna taa ndogo kama jicho la panya
na kipande cha giza mbele yake.
Sindano ikivutwa na mfereji, mkono unapinda
kwa unywele mmoja; mwanga unaingia;
mota inashtuka, inausogeza, mwanga unakatika.
Unapinda tena. Unarudishwa tena.
Upande mzima wa santuri ni kukosea na kusahihishwa,
na sisi tunasikia gitaa tu.

Saa mbili usiku umeme wa Snel unarudi.
Naweka santuri yake; jina limefutika, limebaki tundu.
Mkono unajiinua, unasita, unashuka.
Kwa dakika sita hakuna kinachoruka.
Kisha pale pale, penye mkwaruzo wa zamani,
unaganda, unarudia neno moja,
neno la Kiluba nisilolijua.
Watoto wanacheka, wanaliitikia.
Mimi nimeinama na koleo ndogo,
sijui kama nisukume
ao niliache lisemwe.