Kanzu Arobaini na Moja

Walikuja na jora la bafta, jeupe.
Mama Mghoi, wakasema, tupimie.
Kanzu arobaini na moja, shingo duara, mikono mirefu,
mifuko usitie.
Tuendako hakuna cha kutia mfukoni.

Nikauliza, na ujira wangu?
Nabii Ngumbao akacheka kwa upole,
ule upole wa mtu anayemhurumia mtoto:
Jumanne, saa tisa alasiri, dunia inafungwa.
Noti utazitumia wapi Jumatano?
Nikabana pini mdomoni, nikanyamaza.
Lakini kikapu cha sadaka nilikuwa nimekiona
Jumapili ile ile, kimejaa pomoni,
na hakuna aliyekiuliza habari za Jumatano.

Nimezaliwa Mikindani, si mgeni wa miisho.
Wa kwanza ulinikuta darasa la tatu:
bibi alituvisha viatu tukalala navyo,
kulipokucha tulikuwa na malengelenge, basi.
Wa pili ulikuja na mwaka wa elfu mbili.
Watu walinunua mishumaa hadi duka la Dzombo likaishiwa.
Usiku ule umeme haukukatika.
Ulikatika wiki iliyofuata, kama ada yake,
bila unabii.
Wa tatu siukumbuki vizuri.
Uliangukia tarehe ya kodi ya nyumba.
Mwenye nyumba alikuja.

Basi nikashona. Cherehani haina dhehebu.
Nilipompima Nyevu kifua
nilihisi moyo wake unavyogonga utepe.
Alikuwa ameuza friji yake ya maji ya barafu.
Ameuza na sare za wanawe wawili,
maana shule, alisema, haitafunguliwa tena.
Nilitaka kumwambia neno.
Uzi ukakatika, nikashughulika na uzi.
Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, si deni.

Jumanne wakajipanga nyuma ya matangi ya mafuta, Changamwe,
weupe pepepe juani.
Ni bafta ile ile tunayokatia sanda,
nami ndiye niliyeitia vifungo.
Saa tisa, gari moshi la mizigo likapiga honi
na kina mama wawili wakaanguka kifudifudi,
wakidhani tarumbeta.
Lilipita na makontena yake, likaenda bara.
Saa kumi kikanyesha kimvua cha kuchokoza.
Saa kumi na moja watoto wakasema wana njaa.
Hapo ndipo nabii alipokumbuka mwaka mrefu:
siku moja ya Februari ilikuwa imemponyoka.
Mola ana subira, akatangaza. Ametuongeza miezi saba.
Kikapu kikapita tena.

Mimi si mjuzi wa maandiko. Nasali kwa nilivyofunzwa.
Ila jora nalijua: lina mwisho, sikatai,
lakini huuoni likiwa limekunjwa,
hata ulikodolee macho usiku kucha.
Na dunia huisha, nimeshuhudia.
Kwa Mwakio iliisha saa nne ya asubuhi,
kamba ya winchi ilipokatika bandarini.
Hakuna aliyeitangaza siku hiyo ubaoni kwa chaki.
Mkewe alikuwa Kongowea, anachagua nyanya,
ameshika moja, anaibonyeza kama imeiva.

Jumatano, kabla sijafungua dirisha, nilisikia hodi.
Nyevu. Kanzu mkononi, ameikunja vizuri,
pindo bado lina tope la uwanjani.
Hakunitazama usoni.
Humu, akauliza, yaweza kutoka mashati mawili ya shule?
Nikaitandaza mezani, nikapima, nikapima tena.
Yanatoka, nikamwambia, ya mikono mifupi.
Nikachukua mkasi. Kisha nikasita.
Nitie mifuko?

Akafikiri kitambo, jicho lipo kwenye chaki yangu.
Tia, akasema.
Na iwe mirefu kidogo.