Kufuli Tatu za Majengo

Jina lako, Chidumizi, na mwaka tuliofunga ndoa:
herufi tisa, tarakimu mbili.
Niliziandika kila mlango wa simu uliponiuliza, Nani wewe?
Barua pepe: Chidumizi91.
Benki: Chidumizi91.
Daftari la chama cha wakulima wa zabibu, Hombolo,
ambako mimi ni mtunza hazina wa watu mia mbili na sita:
Chidumizi91.
Hata duka la mtandaoni lililoniuzia mipira ya kumwagilia kwa matone,
mara moja tu, mwaka ule mvua ilipotutoroka Januari,
nalo nililipa jina lako, kama anayempa mgeni kiti.

Usinicheke. Mjane ana njia chache za kutamka jina
bila watu kuinamisha vichwa.
Mimi nililitamka kwa kidole gumba, mara kumi kwa siku,
na hakuna aliyenipa pole.

Kisha duka la mipira likavuja.
(Mipira yao haikuvuja hata tone; nasema haki yao.)
Majina ya wateja yakamwagika na maneno yao ya siri,
na mtu, sijui wa wapi, sijui kama ana mama,
akaliokota jina lako chini
akalipeleka mlango kwa mlango.
Hodi kwenye barua pepe: ukafunguka.
Hodi benki: ukafunguka.
Saa nane usiku, mimi nimelala,
wewe unamfungulia.

Laki sita na arobaini. Nusu ya karo ya Nyemo.
Fedha za chama hazikuguswa: kule hutakiwa sahihi ya pili,
ya mzee Madinda, ambaye hadi leo anatumia kalamu.
Asubuhi ile nilimwamkia nimepiga goti.

Nyemo alipokuja kutoka chuoni hakunihubiria.
Alizunguka nyumba, akazing'oa kufuli zile
nilizonunua soko la Majengo, elfu tano tano:
ya stoo, ya banda la mbuzi, ya sanduku lenye hati ya kiwanja.
Akachukua ufunguo wa banda, akafungua ya sanduku.
Akachukua ufunguo wa sanduku, akafungua ya stoo.
"Shangazi, ulinunua kufuli tatu, au moja mara tatu?"
Mbuzi walilia. Mimi nilinyamaza.

Jioni akaniwekea kitunza-nywila.
Ni kasha moja tu ndani ya simu, na linabuni lenyewe:
kyu, saba, nukta, T kubwa, mkwaju, tisa tisa,
maneno yasiyo na mama wala ukoo,
kila mlango na lake, hakuna linalomjua mwenziwe.
Tukapita milango kumi na minne. Chai ikapoa mara mbili.
Kila mlango uliuliza, Neno la zamani?
nikaliandika jina lako, nao ukalifuta.
Kwenye mlango wa kumi na nne kidole kilisita.
Nyemo akajifanya anatafuta chaja.

"Umebaki ufunguo mmoja," akasema, "wa kasha lenyewe.
Usiwe jina. Uwe sentensi ndefu,
isiyo ya methali, isiyo ya Biblia,
kitu ambacho hakuna mwingine aliyekisikia.
Andika. Mimi natazama ukuta."

Nikakumbuka njia ya Mpunguzi, baiskeli imepasuka gurudumu,
vumbi jekundu hadi kwenye nyusi zako,
ukanigeukia ukasema maneno saba,
ya kipuuzi kabisa, nusu yake Kigogo,
tukacheka hadi punda wa watu akasimama kututazama.

Ndiyo hayo.
Hayamo kwenye daftari. Hayamo kwenye shairi hili.
Nayaandika kila asubuhi, polepole, bila kuyatamka;
kasha linafunguka,
na tunaoyajua, Chidumizi,
tumebaki mmoja.