Vipimo

Duka langu liko Łódź, mtaa wa viwanda vilivyozimika,
ngazi tatu chini ya barabara,
nami nauza sidiria.
Miaka thelathini na mmoja, na bado mikono yangu huamka baridi.
Huipasha kwanza kwenye kikombe cha chai,
ndipo nasema: karibu, vua koti, pumua.

Hakuna anayepumua.
Huvuta matumbo ndani kana kwamba futi hii ni hakimu
na mimi karani wake.
Huniomba radhi. Radhi ya nini?
Bożena, dereva wa tramu,
aliniomba radhi kwa ajili ya mabega yake,
mabega yaliyopandisha makaa ghorofa ya nne
baba yake alipolala kitandani miaka miwili asiamke.
Kisha akacheka, kwa sauti ile ya kutangaza kituo cha mwisho:
"Nipe yenye maua. Ndani ya sare hii ya kijivu
nataka mtu mmoja ajue,
na mtu huyo ni mimi."

Nililiandika hilo pembeni mwa daftari,
kando ya namba zake.

Genowefa alikuja Februari, theluji ukosini,
miaka themanini na mmoja, titi moja.
Nikanyoosha mkono nichukue pamba. Akaushika.
"Usinijaze. Upande huu nimeshauzoea upepo.
Nishonee mfuko tu, mdogo,
niweke tiketi ya basi."
Nikashona. Akajitazama kiooni, kwa muda,
akajipigapiga pale palipo bapa
kama mtu anayehakikisha hajasahau funguo.

Mimi je?
Mama aliniahidi nyonga. Zitakuja, alisema,
subiri tu, kila msichana na msimu wake.
Nikazisubiri kama barua.
Nina miaka hamsini na minane,
tarishi hajabisha.
Nina ndevu tatu kidevuni; mbili nazing'oa,
ya tatu nimeizoea, huipapasa nikifikiri.
Sijui ni kitu gani hasa hunifanya mwanamke
ninaposhuka ngazi hizi alfajiri na kuwasha taa,
ila nikiiwasha, ni mwanamke aliyeiwasha.

Jana nilifunga duka nikasahau futi shingoni.
Nikatembea nayo hadi kwa mwokaji, watu wakinitazama
kama nimevaa mkufu wa harusi ya mwingine.
Tramu ikapita, ikapiga kengele mara mbili.
Nyuma ya kioo, koti la kijivu, limefungwa vifungo vyote.

Sikupunga mkono. Nilikuwa nimekumbatia mkate,
bado wa moto.