Mizani ya Eduviges

Kabla ya rubani, kabla ya ndege yenyewe,
palikuwa na mizani ya nyama:
chuma cheusi, kulabu moja, sahani ya bati,
iliyopandishwa mtoni hadi Puerto Almendro
siku kumi na nne, ikiwa imefungwa blanketi kama mgonjwa.
Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo iliyoanzisha shirika.

Mwaka ule mto ulikula malisho.
Ng'ombe walisimama majini hadi magotini wakitutazama,
na huko juu La Paz, kwenye baridi, watu walitaka nyama.
Barabara? Barabara ilikuwa ahadi ya kila uchaguzi.
Ndipo Nicómedes Justiniano akauza shamba la mkewe
(mkewe alijua baadaye)
akanunua mabaki ya vita, injini mbili,
moja ikivuja, ya pili ikikohoa,
akaandika ubavuni jina refu kuliko kiwanja:
Nyanda za Mashariki, Usafiri wa Anga na Mizigo.
Rangi ikamwishia kwenye neno la kwanza.
Tukaliita Nyanda, basi.

Alfajiri nyama ilipanda, ingali na joto la uhai.
Jioni vilishuka vitunguu, misumari, bia,
muuguzi mmoja aliyetapika njia nzima,
barua za waliosahau kurudi.
Abiria waliketi juu ya mapaja ya ng'ombe
wakatandika magazeti ili wasichafue nguo za mjini.

Eduviges Noza alikuwa karani, mkata tiketi,
na, kwa kitambaa chekundu, mnara wa kuongozea ndege.
"Panda," alisema. Ukapanda.
Padri alivua viatu. Mke wa meya alivua hata pete.
Mizani haikujua padri wala meya.
Aliandika kwa penseli jina na kilo,
cheo aliwaachia wenye nafasi ya kukibeba.

Daftari liko kwangu. Nasoma:
Remedios Moye, ishirini na tatu, anakwenda kukatwa mafindofindo.
Remedios Moye, arobaini na nane, chuo cha ualimu.
Remedios Moye, hamsini na tisa, na pembeni,
kwa herufi ndogo kama za kunong'ona: wawili.
Remedios Moye, themanini na mbili, pamoja na sanduku.
Nauli: hapana.

Upo ukurasa mmoja siupendi.
Wigberto Cayuba, rubani, sabini na moja.
Chini yake nyama, mafuta, watu watano. Jumla.
Jumla hiyo imerudiwa mara saba, penseli imetoboa karatasi,
na mara zote saba jibu ni lilelile.
Hesabu ilikuwa sawa.
Mlima tu ndio haukuandikwa.

Wiki mbili baadaye ndege ya pili ikaruka.
Nyama haiombolezi, inaoza.

Kisha barabara ikaja kweli, mwezi wa Agosti,
na utepe, na meya mpya, na malori yenye barafu tumboni.
Nicómedes akauza injini, kisha viti
(vilikuwa vinne), kisha akawa mtu wa kukaa mlangoni
akitaja bei ya petroli ya miaka iliyopita.

Safari ya mwisho haikuwa na mzigo wa maana.
Eduviges, miaka ishirini na sita bila kuruka hata mara moja,
alivua viatu, akapanda sahani,
akagundua kwamba kutoka pale mshale hauonekani.
"Nisomee."
Hamsini na moja.
"Andika."
Ndiyo maana mstari wa mwisho una mwandiko mbaya.
Ni wangu, mpakiaji, mwenye damu ya ng'ombe kuchani.

Aliporudi, kwa lori, siku tatu,
tulimzunguka: umeona nini huko juu?
Akafikiri. "Mto," alisema, "una kona nyingi bure."

Siku hizi nauza nyama sokoni kwa mizani ileile.
Sahani ikiwa tupu, mshale unagoma kwenye kilo mbili.
Wateja wananung'unika, nami nawapunguzia hizo mbili
kwa kichwa, mbele ya macho yao.
Fundi amepita mara mbili na bisibisi yake.
Nimemwambia aje mwezi ujao.