Jalada la Mselem

Nilikwenda kulipia taa nyekundu ya Buxton,
elfu tatu, nichukue risiti, nirudi dukani.
Karani Mwachiro akauliza jina la babu,
akalamba kidole, akafunua daftari kubwa.

"Pana mwenzako hapa. Mselem.
Pikipiki, bila helmeti, Makupa.
Hakufika mahakamani."

Hati ya kumkamata ingali hai,
muhuri mwekundu, kama wa jana.

Kesi yake ilikuwa Alhamisi.
Jumatano, baada ya alasiri, tulikuwa Kikowani,
mimi kaburini, nikimlaza mwanandani.

Nikaiona sahihi: ile M ya miguu mirefu
aliyoiandika hata kwenye deni la maandazi.

"Lete cheti cha kifo," akasema, taratibu sasa,
"tulifunge."
Nikamwambia Jumatatu.

Jumatatu zimepita, sizihesabu.
Cheti ki kabatini, chini ya kanzu zake.
Si uvivu, Mwachiro.
Mji mzima umeshazoea kuwa hayupo,
ni nyinyi tu mnaomngoja.
Na nasikia huko, kabla ya kuandika "hakufika",
askari hutoka hadi ukumbini
akaliita jina, mara tatu,
kwa sauti.